Mito Naijua

Nianze na aibu yangu, tumalizane nayo: mimi ndiye yule dereva aliyepaki basi la shule ndani ya mto. Sisemi kando ya mto, jamani. Ndani. Nilipoliacha palikuwa na mchanga mkavu, mgumu, umelala sawa kama meza ya hoteli, na juu yake kivuli cha kutosha. Sikujua kwamba nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha mtu, na mwenye kitanda yuko safarini anarudi.

Sasa nimestaafu. Funguo nimerudisha, niko Kitengela kwenye ploti yangu na kuku wa mke wangu, na nyinyi madereva vijana mliobaki shuleni kule Kajiado mmeisikia hadithi hii kwa wapishi na kwa walinzi, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Kuna anayesema nilivuka nikiwa nimefumba macho. Si kweli. Nilitamani sana, lakini sikufumba. Basi chukueni hii ya mwenyewe. Mambo ya mshahara na vyeo siandiki. Dereva wa shule hupanda cheo anapopanda gari tu, na akishuka ameshashuka.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Nilikabidhiwa kwa dereva aliyenitangulia, tuliyemwita Mzee Spana kwa sababu alitembea na spana mfukoni hata kanisani. Alinizungusha kwenye basi mara mbili, akaniuliza, "Kijana, unapenda kusafiri?"

Nikamjibu ukweli. Nikamwambia mimi napenda kufika nyumbani jua likiwepo, nivue viatu, nisikie redio.

"Vizuri," akasema. "Wanaopenda kusafiri ndio wanaoua watu."

Akanifundisha mambo machache, na kwa kuwa nilikuwa mwoga niliyashika yote. La kwanza: gari hulala uso ukielekea nyumbani. Popote utakapopaki, hata kwa dakika za chai, geuza kwanza, ndipo uzime. Walimu walinicheka miaka yote kwa hilo. Wakishuka kwenda kwenye michezo, mimi bado narudi nyuma, naenda mbele, narudi nyuma, kama jogoo anayetafuta pa kulalia. La pili: ukiwa ndani ya maji usibadilishe gia wala usiinue mguu kwenye mafuta, maana ekzosi, yaani bomba la moshi, ikinyamaza, maji yanaingia. La tatu lilikuwa fupi zaidi: usiingie ndani ya maji.

Na alinirithisha fimbo. Geji ya dizeli ya basi lile ilikufa kabla sijaajiriwa, kwa hivyo tulipima tangi kwa fimbo ndefu nyembamba aliyoikata mwenyewe, yenye alama za kisu: robo, nusu, robo tatu, tele. Nilipewa basi jipya baadaye, basi ambalo wazazi waliuza ng'ombe kulinunua, lina geji inayofanya kazi. Fimbo sikuiacha. Geji husema inachotaka. Fimbo hulowa au hailowi.

Fimbo ile ilikuwa na kazi nyingine, na hapa ndipo ujinga wangu ulipozaliwa. Mnajua mito yetu. Mwaka mzima ni mchanga na mbuzi. Halafu wingu linakaa kwenye vilima, unasikia mngurumo, na mto unashuka mzima mzima, mwekundu, umebeba miti. Magari yanasimama pande zote mbili. Dereva mwenye akili anashuka, anachomeka fimbo pale maji yanapoishia, anarudi kwenye kivuli. Watu wanakula mahindi, wanaulizana habari za ng'ombe. Baada ya muda unaangalia: fimbo iko peke yake kwenye matope, maji yamerudi nyuma. Saa chache baadaye unavuka kama hakukuwa na kitu. Wanaokufa ni wale waliokuwa na haraka. Hivyo ndivyo nilivyofanya miaka yote, na sikuwahi kupoteza hata kiatu cha mwanafunzi. Nikajiona mtaalamu wa mito.

Kisha akaja Mwalimu Jerono.

Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, mwembamba, anayeongea kama anaandika ubaoni. Alitaka wasichana wa fasihi waende mpaka kwenye mji mmoja mkongwe, mbali kule chini mto Tana unakokaribia bahari. Mji wenyewe siutaji. Wenyeji wake walinisamehe, lakini najua bado wanacheka. Alisema ni mji ambao watu walikuwa wakitunga tenzi kabla barabara ya Namanga haijawa hata njia ya punda. Makaburi ya watunzi yapo, nyumba zao zipo, na kuna wazee ambao bado wana tenzi vichwani, ndefu, beti mamia.

"Si wasichana wasome tu kitabu, Mwalimu?" nikauliza.

"Bwana Mutua," akaniambia, "wewe ungefurahi kuoa kwa picha?"

Nikaenda kutafuta mto wangu wa kulalia. Maana godoro la ugenini naweza kulivumilia, lakini kulalia mto wa ugenini siwezi.

Kikwazo kilikuwa jirani yangu. Mama Naserian anakaa ploti inayopakana na yangu pale Kitengela, na bado ana ng'ombe, ingawa sasa wanapita kati ya maghorofa kama wageni waliokosea mlango. Binti yake, Naserian, alikuwa shuleni kwetu, wa kwanza katika boma lao kufika kidato cha tatu. Msichana mpole sana. Alikuwa akiongea kama mtu anayeomba msamaha. Mama yake hakutaka kusikia habari za mto wala za bahari. Mwalimu Jerono alikuja mpaka nyumbani kumbembeleza, akashindwa. Siku mbili kabla ya safari, Mama Naserian akaja kwenye ua wetu.

"Baba Mwende, ni wewe utaendesha?"

"Ni mimi."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia. "Basi ataenda. Mimi nakujua. Wewe ni mtu mwoga sana. Mtu mwoga anarudi."

Sikujua kama nishukuru. Mke wangu alicheka mpaka akaketi.

Tukaenda. Barabara ya Mombasa, tukalala Malindi kwenye shule moja, kesho yake tukapita Garsen na kuacha lami. Kipande cha mwisho kilikuwa juu ya tuta jembamba la udongo, kulia majani marefu, kushoto mashamba ya mpunga, na mwisho wa tuta ndio mji, umekaa mahali palipoinuka kidogo. Njia ya kuingia ilikuwa hiyo moja, na ya kutoka ni hiyo hiyo. Niliiangalia kwenye kioo cha nyuma mpaka tukafika.

Wasichana walipangiwa madarasa ya shule ya msingi. Geti lao lilikuwa dogo kwa basi, kwa hivyo nikashuka nalo mpaka ukingoni, nikaona ule mchanga mzuri na ule mti wa kivuli. Nikageuza, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka uso ukaangalia Kitengela. Mwanamume mmoja mwenye mvi alikuwa akikaza kamba za mtumbwi karibu hapo. Jina lake Kombo.

"Dereva, hapo si pazuri," akasema. "Mto unakuja."

Nikaangalia juu. Hakukuwa na wingu hata la kufutia jasho.

"Bwana Kombo," nikamwambia, "mimi natoka Kajiado. Mito naijua."

Akaniangalia kwa heshima kubwa, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, akaendelea na kamba zake.

Jioni hiyo tulipelekwa kwa mama yake Kombo, Bi Esha, ambaye ndiye tuliyemfuata kwa ajili ya tenzi zilizo kichwani mwake. Mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, macho makali. Wasichana wakapanga foleni ya shikamoo. Naserian alipofika mbele yake akafanya kama mtoto yeyote wa Kimaasai anavyofanya kwa mkubwa: akainamisha kichwa, akangoja.

Bi Esha akatazama chini kwenye mkeka. "Umepoteza nini, mwanangu?"

Wasichana wakaanguka kwa kicheko. Mwalimu Jerono akaeleza kwamba kwao mtoto hutoa kichwa, na mkubwa huweka mkono. Bi Esha akaacha kucheka. Akaweka kiganja juu ya utosi wa Naserian, na hakukiondoa haraka. "Huyu mniachie kesho," akasema. "Nina kazi naye."

Nililala ndani ya basi, juu ya mto wangu wa kutoka nyumbani. Asubuhi niliamshwa na sauti ndogo, kama mbwa anakunywa maji. Nikachungulia. Mto ulikuwa unalamba gurudumu la nyuma.

Mbingu bado ilikuwa kavu kabisa. Nikawasha, nikasogeza basi mbele mpaka kwenye nyasi, nikashuka, nikachomeka fimbo yangu ya dizeli pale maji yalipoishia. Mwalimu Jerono akaja akikimbia.

"Bwana Mutua, tuondoke?"

Na hapa, vijana, someni polepole. Tungeondoka wakati ule, tuta likiwa kavu, nisingekuwa na la kuandika. Lakini nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu, "Mwalimu, maji ya namna hii hayakai. Endeleeni na kazi yenu. Mkirudi kula, mtakuta fimbo imebaki peke yake."

Akaniamini. Akawapeleka wasichana makaburini, na Naserian akaenda kwa Bi Esha. Mimi nikakaa kivulini na mahindi.

Nilipoangalia fimbo mara ya kwanza, maji yalikuwa kwenye robo. Nikasema, ndiyo, yanapanda kidogo kabla ya kushuka. Nikaangalia tena: yamepita robo, na hayapigi kelele. Hilo ndilo lililoanza kunisumbua. Mto wetu ukija unatukana. Huu ulikuwa unakuja kimya, mpana, bila mti wala povu, kama chai iliyomwagika kwenye meza inavyotafuta ukingo. Nyasi zilizokuwa mbele yangu zilikuwa zimesimama ndani ya maji na mimi nikiwa nazitazama sikuona yalivyofika.

Watu wakaanza kupita. Mwanamke na kuku kwenye kapu. Wanaume wawili na kitanda. Mbuzi wengi. Wote wanaelekea kwenye tuta, wote hawakimbii, na wote wananisalimia vizuri. Fimbo ilikuwa nusu.

Kombo akapita akivuta mtumbwi kwa kamba, mahali nilipokuwa nimepaki jana.

"Bwana Kombo, mvua imenyesha wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Bara. Milimani huko. Siku nyingi zimepita."

"Sasa mbona yanafika leo?"

"Maji hutembea kwa miguu, dereva. Hayapandi basi."

Nikaiangalia fimbo. "Na yatashuka saa ngapi?"

Akasimama kabisa, akanihurumia. "Saa? Huku tunasema mwezi. Mji unahama leo. Tuta likifunikwa kina cha goti, hakuna gari litakalotoka hapa mpaka tutakapopanda mpunga."

Niling'oa fimbo nikakimbia. Mimi, ambaye mara ya mwisho kukimbia ilikuwa harusini kwangu nikidhani chakula kimeisha. Nilimkuta Mwalimu Jerono makaburini, wasichana wamekaa juu ya kanga, wanaandika. Nilimwonyesha fimbo iliyolowa mpaka nusu. Akaelewa. Alipiga makofi mara moja tu, na wasichana thelathini na kitu wakasimama. "Dere, kwani maji inakuja?" mmoja akaniuliza. "Dere, si ulisema itarudi?" Na nyinyi mnajua wasichana, hawakuacha kuuliza mpaka ndani ya basi.

Basi lilikuwa limesimama kwenye maji ya vifundoni, uso ukiangalia nyumbani. Sikuhitaji kugeuza. Kama ningelazimika kugeuza pale, kwenye matope yale, mngekuwa mnalisoma jina langu mahali pengine. Mwalimu akahesabu vichwa. Akahesabu tena.

"Naserian," akasema.

Nyumba ya Bi Esha ilikuwa ya mwisho upande wa mto. Niliingia na viatu vya maji bila hodi, jambo ambalo mama yangu angenichapa kwalo. Bi Esha ameketi kwenye mkeka, amejitanda kanga safi, mzigo wake umefungwa kando. Mbele yake Naserian. Bibi anaghani ubeti, na mstari wa mwisho msichana anauitikia. Kombo amesimama mlangoni, ameshika kamba ya mtumbwi, ametulia kama mtu anayengoja chai.

"Naserian! Twende! Sasa hivi!"

Hakugeuka. Aliinua mkono tu, hivi, kama askari wa barabarani.

Kombo akanivuta kando. Akanieleza haraka: katika nyumba ile, tangu mababu, mto ukipanda utenzi wa mafuriko husomwa wote, mwanzo mpaka mwisho, kabla mwenye nyumba hajavuka kizingiti. Mmoja husoma, mwingine huitikia. Mkewe ndiye mwitikiaji siku zote, lakini ametangulia na watoto. Yeye Kombo hawezi. Alijaribu mwaka mmoja, akakosea, mama yake akaanza upya kutoka ubeti wa kwanza.

"Ukimtoa msichana," akasema, "mama hatoki humu. Namjua. Na mimi siwezi kumwacha."

"Beti zimebaki ngapi?"

"Chache."

"Chache za Kajiado ama chache za huku?"

Akaangalia maji. Nikamshika Naserian mkono. Hapo ndipo akageuka, na akaongea na mimi kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, hata siku moja, katika miaka yote ya kuwa jirani.

"Baba Mwende, nikitoka, hatoki."

Bi Esha akaupigapiga mkeka kwa kiganja. "Keti, dereva. Usisimame mlangoni, unanizibia mwanga."

Nitawaambia ukweli wa kichwa changu wakati ule. Nilimwona Mama Naserian kwenye ua wetu, akiniangalia kutoka viatu mpaka kofia. Nilijua nifanye nini: nimbebe yule msichana begani, nikimbie, nimrudishe kwa mama yake akiwa amekasirika na akiwa mzima. Hivyo ndivyo mwoga mwenye akili angefanya. Niliketi.

Mimi Kiswahili changu ni cha gereji na cha sokoni. Beti zile nyingi zilinipita juu. Lakini mmoja ulinishika kwa sababu ya neno moja ninalolijua vizuri, nikamwomba Naserian aniandikie baadaye:

*Mto umetoka bara,*
*wapita bila ishara,*
*wazifuta barabara*
*na nyumba za wajengao.*

Nikasikia barabara. Nikasikia zinafutwa. Maji yalikuwa yameingia kizingitini, yakalowesha ukingo wa mkeka, yakaanza kuja kwangu. Naserian akaitikia, *na nyumba za wajengao*, bila kutetemeka. Nilivua kofia nikaikamua ingawa haikuwa na maji. Nje, Mwalimu Jerono alikuwa anapiga honi ya basi langu. Hakuna mtu aliyewahi kuipiga honi ile ila mimi.

Bi Esha hakuharakisha hata silabi. Alipofika mwisho aliomba dua fupi, akajifuta uso, akanyoosha mkono ainuliwe. Kombo akambeba kama mtoto mpaka mtumbwini. Akiwa ameketi ndani na mzigo wake magotini, akaniita.

"Dereva! Hayo maji ni yenu, mwayajua? Nyinyi mwaoga bara, sisi twahama."

"Pole, Bibi."

"Na nasikia mito waijua."

Mji ule hauna siri.

Tulikimbia. Tuta lilikuwa limepotea. Mbele ya basi kulikuwa na maji tu, yanang'aa, na majani pande mbili yakionyesha mahali ambapo njia ilikuwa asubuhi. Sheria ya tatu ya Mzee Spana ikasimama mbele yangu kama geti. Miaka yote ile nilikuwa sijaivunja. Nilikuwa nimeona kule kwetu magari ya watu waliosema "ni kidogo tu", na nilisaidia kuyavuta, na si magari pekee yaliyovutwa. Nikamwambia Mwalimu Jerono siwezi.

"Maji haya yanasukuma?" akaniuliza.

Nikaangalia. Jani lilikuwa linaelea pale. Halikuenda popote.

"Hayasukumi. Lakini sioni ukingo wa njia."

Hakubishana. Alininyang'anya fimbo mkononi, akakusanya sketi akaifunga kiunoni, akavua viatu akanikabidhi. "Ukingo nitauona mimi. Wewe nifuate. Nikiinua fimbo, simama."

Akaingia majini, akipapasa kulia na kushoto kama kipofu, maji yakimfika katikati ya muundi. Nikaweka gia ya kwanza. Nikamwomba Mungu wa mama yangu na wa Mzee Spana. Nikafuata kitambaa chake cha manjano cha kichwani.

Nani atanieleza ile safari ilikuwa ndefu kiasi gani? Asubuhi ya jana niliipita nikipiga mluzi. Mguu wangu ulikaa kwenye mafuta mpaka ukafa ganzi, na sikuuinua. Nilisikia ekzosi ikikohoa ndani ya maji nyuma yangu, na kila ikikohoa moyo wangu ulikohoa nayo. Kisha Naserian akaanza ule utenzi. Nikasema, "Nyamazeni, nisikie injini!" Hawakunyamaza. Akasoma, wakaitikia.

Katikati ya njia, Mwalimu Jerono akazama mpaka kiunoni.

Aliinua fimbo. Sikuwa na haja ya kuiona. Tayari nilikuwa nimekanyaga klachi na breki, mguu wa breki nikaupinda niendelee kukanyaga mafuta kwa kisigino, kama mchawi. Udongo wa kulia ulikuwa umekatika. Basi likainama kidogo upande ule, polepole, kama ng'ombe anayefikiria kulala. Msichana mmoja akalia. Mwalimu alijivuta juu kwa fimbo, akasogea kushoto, akapapasa, akapapasa tena, akaanza kunionyesha kwa mkono: huku, huku, huku zaidi. Huku zaidi kulikuwa kwenye majani. Nikamwangalia yule mwanamke aliyenifundisha kwamba huwezi kuoa kwa picha, nikazungusha usukani mpaka majani yakakwaruza vioo.

Gurudumu la nyuma lilizunguka bure. Likashika. Likazunguka bure tena. Kisha likashika kabisa.

Tulipopanda lami nilizima injini, nikashuka, nikaketi barabarani. Mwalimu Jerono akaketi kando yangu, amelowa. Nikampa viatu vyake. Akavivaa. Nyuma yetu watu wa mji walikuwa wanafika kwa mitumbwi, na katika mmoja wao nilimwona Bi Esha, amekaa wima, kanga safi kichwani, akielekeza wengine mahali pa kupita. Kabla ya jua kushuka tuta lilikuwa limekatika pale pale basi lilipoinama.

Mengine ya kazi yangu ni ya kawaida: tairi, mashindano ya michezo, ng'ombe wa siku ya soko pale Kajiado wanaoamini barabara ni ya baba yao, wasichana waliougua njiani nikawawahisha. Fimbo nimemwachia dereva mpya. Asiitumie mbali na nyumbani bila kuwauliza wenyeji. Hilo ndilo funzo, na kama mna akili hamkuhitaji kurasa zote hizi. Mwalimu Jerono alihamishwa, lakini bado ananipigia simu, na kila mara anauliza kama nimepaki vizuri.

Lakini niliahidi ukweli, na ukweli una mwisho wake. Tuliporudi, nilimfikisha Naserian mpaka kwa mama yake mwenyewe. Msichana akainamisha kichwa, mama akaweka mkono. Kisha Naserian akasimulia pale pale kwenye ua, kwa Kimaasai na Kiswahili, kwa ile sauti yake mpya ambayo ilifika mpaka jikoni kwetu: maji, utenzi, jinsi dereva alivyoambiwa aketi akaketi. Hakuacha kitu. Alipomaliza akatusomea na ubeti wenyewe. Mama Naserian alisikiliza yote, kibuyu cha maziwa mkononi, hakucheka wala hakulia. Nikajitayarisha kushukuriwa.

Akaniangalia tena, kutoka viatu mpaka kofia, akasema: "Baba Mwende, mimi nilimpa mtoto wangu mtu mwoga. Ni nani alikuambia uanze kuwa shujaa ukiwa na yeye?"